Kuosha Vyombo Si Kazi Ndogo

Pengine mtacheka mkiona mwalimu, mtu mzima mwenye chaki mkononi, anaandika habari za sahani na sufuria. Chekeni tu. Mimi nami nilizidharau kazi hizo miaka mingi, hata siku moja zikanifundisha adabu. Nimeona ni haki niwaeleze, ili nyumba zenu zisifundishwe kwa njia niliyofundishwa mimi.

Kwetu Munigi maji ni mali. Twakaa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo, nayo yamejaa nyufa na matundu. Mvua hata ikinyesha kwa nguvu, maji huzama upesi, wala hatuna kijito cha kuchota. Maji ya Goma husukumwa kwa mitambo kutoka Ziwa Kivu. Na mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mabomba na tangi viliharibika, watu wengi wakabaki hawana maji. Bidoni ya lita 20 huja mgongoni mwa mtoto au juu ya chukudu. Kwa hiyo mwenye nyumba huhesabu maji kama mkulima ahesabuvyo mbegu.

Nami nilihesabu kupita kiasi. Mke wangu alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake, nikabaki na watoto wetu wanne. Nikatoa amri: vyombo vyote vya siku vioshwe katika beseni moja, na maji yale yale yatumike kusuuzia. Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 11, alitii siku tatu. Siku ya nne alinijia ameshika sahani, akasema kwa heshima, “Baba, unisamehe. Maji haya hayasuuzi tena. Yanapaka.” Nikamjibu kwa ukali kwamba maji hayaokotwi njiani. Akanyamaza, akarudi kazini.

Jumamosi ile mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 3, alianza kuhara na kutapika. Ilipofika saa nne ya usiku macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya haikurudi upesi. Kila mtu wa Munigi azijua dalili hizo. Nilimbeba gizani mpaka kituo cha afya, dada yake akitufuata na chupa ya maji ya chumvi na sukari, akimnywesha kidogo kidogo. Kwa neema ya Mungu, na kwa bidii ya wauguzi, alipona.

Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka katika vyombo. Ungeweza kutoka katika maji ya kunywa, au tunda, au mikono. Lakini asubuhi niliporudi kuchukua nguo zake, nilikiona kikombe chake juu ya kichanja. Nje kiling’aa. Nikaingiza kidole ndani: utelezi wa mafuta, na chini kabisa uji wa juzi umeganda. Hapo nilikumbuka jinsi Bwana wetu Yesu Kristu alivyowakemea Mafarisayo waliosafisha kikombe kwa nje tu, kama tunavyosoma katika Mateo, sura ya 23. Sura ile nilikwisha kuifundisha darasani mara nyingi. Nikaketi juu ya jiwe, nikaona haya.

Tena mtu wa Munigi hana udhuru. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma na hapa kwetu, kipindupindu na kuhara damu viliwaangukia. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, na kwa sababu ya mawe haya ilikuwa shida hata kuwachimbia makaburi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wazee wetu waliyaona. Na wakimbizi wa vita walipojaa Kanyaruchinya mwaka 2022, ugonjwa ule ulirudi. Vijidudu vyake hupita katika maji, katika chakula na katika mikono. Beseni chafu ni njia moja ya kuwapeleka kutoka mtu mmoja hata nyumba nzima.

Basi, kosa langu lilikuwa nini? Nilidhani usafi watokana na wingi wa maji, na kwa kuwa hatukuwa na maji mengi, niliona hatuwezi kuwa safi. Kumbe huko seminari tulikuwa na zamu ya kuosha vyombo vya vijana wengi kwa maji machache, navyo vilitakata. Siri ilikuwa utaratibu.

Katika nchi za mbali watu hutumia mashine ya kuoshea vyombo. Mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1886, akauonyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Alitengeneza vyumba vya waya, kila sahani na kikombe kikapata mahali pake, ndipo maji ya moto yenye sabuni yakarushwa juu yao. Hata leo mwenye mashine ya namna hiyo akirundika vyombo, kikombe ndani ya kikombe, bakuli juu ya bakuli, vitatoka na uchafu wao. Pasipofika maji hapatakati. Sheria hiyo ni moja kwa mashine ya tajiri na kwa beseni letu.

Sasa nyumbani twafanya hivi. Kwanza twakwangua mabaki yote, sombe, maharagi na miiba ya sambaza, kabla chombo hakijagusa maji. Sufuria yenye ukoko twailoweka peke yake. Kisha twanawa mikono kwa sabuni. Twaanza na vyombo visivyo na mafuta: bilauri na vikombe, halafu vijiko, halafu sahani, na mwisho sufuria zenye masizi, ambazo twazisugua kwa majivu. Kila chombo husuguliwa ndani kwanza, hata pembeni mwa mkono wa kikombe. Kusuuza ni katika beseni la pili, lenye maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini. Maji hayo yakichoka kidogo, ndiyo huoshea sufuria. Na yakichoka kabisa, humwagwa chooni. Hakuna tone lipotealo. Mwisho vyombo hufudikizwa juu ya kichanja, kila kimoja mbali na mwenzake, upepo na jua vivikaushe. Kitambaa kilichopangusa meza hakigusi sahani.

Nilipopima, niliona kazi ya jioni haimalizi nusu ya bidoni. Ile amri yangu kali ilikuwa imeokoa lita chache tu, ikakaribia kunipotezea mtoto.

Akina baba wenzangu, tusiseme hii ni kazi ya wanawake. Bwana wetu alitia maji katika beseni, akajifunga kitambaa, akawaosha mitume wake miguu usiku ule wa mwisho. Aliyefanya hivyo hakupungukiwa na heshima. Sisi tutapungukiwa na nini kwa sahani tulizolia wenyewe? Nyumbani kwetu zamu ya Jumamosi sasa ni yangu, na binti yangu ndiye mkaguzi. Juma lililopita alichukua kikombe nilichokwisha kukisuuza, akaingiza kidole ndani, akanitazama.

“Baba,” akasema, “hiki ukirudie.”

Nikakirudia.