Besi ya Mlango wa Ghala

Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kina pingili mbili. Ya tatu iliondoka na panga nikiwa na miaka tisa, tukikata mabua shambani kwa babu. Miaka mingi baadaye mzee mmoja alikishika kidole hicho, akakipima kwa rula ya chuma, akaandika namba kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Kisha akapima kiganja, akapima kutoka bega hadi kiwiko, akaniambia nisimame kama ninavyosimama jukwaani. Nilikuwa nimekwenda kuagiza gitaa la besi. Yeye alikuwa ananipima kama fundi cherehani anayekata suti ya harusi.

Hiyo ilikuwa Maganzo, mwaka 1986. Maganzo ipo kando ya barabara inayotoka Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa Mwadui, pale mwanajiolojia Williamson alipoikuta almasi mwaka 1940. Ndani ya uzio wa mgodi kulikuwa na umeme, hospitali, shule, uwanja wa ndege. Nje ya uzio kulikuwa na sisi: madalali wa mawe, wachekechaji mchanga, mama ntilie, mafundi baiskeli, na baa ambazo mwisho wa mwezi zilijaa hadi watu wakasimama barabarani. Bendi yetu ya watu saba ilipiga katika mojawapo ya baa hizo. Tulikopi nyimbo za bendi za Msondo na Sikinde tulizozinasa Redio Tanzania, tukaweka na zetu mbili tatu za Kisukuma, na watu walicheza.

Lakini vyombo havikuwa vyetu. Vijana wa leo hili hawalielewi vizuri, kwa hiyo nitalisema taratibu. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Hata kule Dar es Salaam wakubwa waliishi hivyo: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwanamuziki akihama bendi, aliondoka na vidole vyake tu. Kwetu mwenye baa ndiye aliyekuwa na vyombo, na alifungia besi stoo kwa kufuli. Nilikuwa naiona usiku wa kazi tu. Siku nilipodai malipo ya wiki tatu, aliniambia kwa upole kabisa kwamba ufunguo anao yeye. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na miaka ishirini na saba, nikajiambia kwamba sitakufa bila gitaa langu mwenyewe.

Kununua dukani haikuwezekana. Fedha za kigeni hazikuwepo nchini, na hata uzi mmoja wa besi ulikuwa habari. Nyuzi zikizeeka na kuzibwa na jasho tulizichemsha kwenye sufuria robo saa, tukazifuta, tukazianika, zikarudi kulia kwa wiki moja au mbili. Halafu hata kama dukani ingekuwepo, besi ya kawaida ni ndefu. Ile ya Fender ya mwaka 1951, ambayo karibu dunia nzima imeifuata, uzi wake una urefu wa inchi 34 toka daraja hadi kichwani. Kwa kidole changu cha pingili mbili, inchi hizo zilikuwa adhabu. Nilikuwa naruka sauti fulani kwa sababu sizifikii, na wachezaji hawakujua, ila mimi nilijua kila usiku.

Ndipo nikaelekezwa kwa huyo mzee. Alikuwa seremala wa milango, vitanda na majeneza. Magitaa makavu alikuwa ameunda kadhaa kwa ajili ya kwaya, ya umeme hata moja. Mashine za kupasulia mbao zilikuwa zimemla sikio la kulia tangu ujanani, na la kushoto lilisikia nusu.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia. Hakusikia. Nikaamkia tena nimeinama. Akanitazama mikono kwanza, uso baadaye.

Jumamosi iliyofuata alikuja baa. Hakunywa chochote. Alisimama saa mbili nzima nyuma ya boksi la spika, kiganja kakibandika kwenye mbao zake, macho chini. Asubuhi nilipokwenda kwake akaniambia, "Kijana, wewe unapiga karibu na shingo. Nitaacha nafasi hapo mkono upumzike." Sijawahi kusikia duka linalomwambia mtu hivyo.

Mbao ilikuwa kazi nyingine. Shinyanga ya wakati ule ilikuwa nyeupe. Miti ilikuwa imefyekwa tangu enzi za kuwafukuza mbung'o, ikaja pamba, zikaja kuni. Mwaka huohuo ndipo mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ulipoanza kuwashawishi watu warudishe ngitili zao, yale maeneo ya malisho yanayotengwa. Mzee hakutaka mbao mbichi hata kidogo. Alikuwa na mlango wa mninga aliounyaka kwenye mnada, umetoka kwenye ghala la pamba la ushirika, ushirika ambao vyama vyake vikuu serikali ilivivunja mwaka 1976. Mninga ukishakauka haujikunji ovyo, kiangazi wala masika, na mlango ule ulikuwa umekauka miaka mingi. Alipoupiga randa, nje palikuwa kijivu cha vumbi na ndani pakatoka wekundu wa hudhurungi wenye mishipa ya dhahabu. Kwenye pembe moja palibaki tundu la bawaba. Nilimwomba asilizibe.

Juu ya shingo akabandika ubao wa mpingo, mti uleule ambao Wazungu wanatengenezea klarineti na zumari zao. Ndani ya shingo akalaza chuma ili nyuzi zisiipinde. Kwa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, alikata spoku za baiskeli, moja moja, akazizamisha kwenye mikato aliyoikata kwa msumeno mwembamba.

Na hapo ndipo tulipokwama. Tulikubaliana uzi uwe wa inchi 30, yaani milimita 762, kwa ajili ya kidole changu. Kwa hiyo hakuweza kunakili vipimo vya besi ya mwenye baa. Alikuwa na kanuni aliyofundishwa ujanani na fundi mmoja kutoka Kongo: gawa urefu wa uzi kwa 18, hapo ndipo freti ya kwanza, gawa kinachobaki kwa 18, freti ya pili, endelea. Nilikuja kujua baadaye kwamba kanuni hiyo ni ya zamani sana, Vincenzo Galilei, baba yake yule mwanafalaki Galileo, aliiandika mwaka 1581. Tuliifuata hadi freti ya 12, ambapo uzi unatakiwa uwe nusu kamili. Haukuwa nusu. Ulizidi karibu milimita 3, na sikio langu lilikataa kabla ya rula.

Mzee hakukasirika. Aling'oa ubao wote wa mpingo, kazi ya siku nne, akauweka kando. Baadaye niliuona umekuwa mpini wa kisu. Nikaenda kwa mwalimu wa hesabu wa sekondari niliyemfahamu. Alitoa kijitabu cha majedwali ya logi, akagawa logi ya 2 kwa 12, akarudisha, akasema: "Mwambie mzee asigawe kwa 18. Agawe kwa 17.817." Freti ya kwanza ikahama kutoka milimita 42.33 hadi 42.77. Nusu milimita haijatimia hapo! Lakini makosa hayo hurundikana freti kwa freti, na mtu wa jukwaani anayabeba usiku kucha.

Pikapu ya kunasa sauti ya nyuzi aliifanya fundi redio, jirani wa mzee. Sumaku zilitoka kwenye spika iliyopasuka, waya wa shaba mwembamba kama unywele ukatoka kwenye transfoma ya redio mbovu, na mizunguko yake maelfu ikazungushwa kwa kile kigurudumu cha cherehani kinachojaza bobini. Mke wa fundi huyo ndiye aliyezungusha. Waya ulikatika mara tano. Mara ya sita akatuambia tutoke nje, tusimpumulie, akamaliza peke yake. Vifunguo vya kukazia nyuzi nilivinunua Mwanza kutoka kwenye besi iliyokufa.

Malipo yalikuwa mbuzi watatu na gunia la mpunga. Mbuzi wawili na mpunga alichukua mwanzo. Wa tatu alikataa. "Huyo mpaka niisikie," alisema.

Iliisha mwezi wa kumi. Niliibeba kwenye keria ya baiskeli nimeizungushia blanketi. Mwenye baa aliitazama muda mrefu, akasema kinachopigwa kwenye jukwaa lake ni chake. Nikamjibu kwamba hii italala kwangu. Ikalala kwangu usiku ule na usiku wote uliofuata, na miezi minne baadaye, bendi ya Mwanza iliponiita, nilipanda basi nikiwa nayo mapajani.

Nataka kueleza usiku wa kwanza. Nilipiga uzi mnene wa juu ukiwa wazi, bila kushika freti, kuujaribu tu. Chupa zikatetemeka kaunta. Mpiga solo akageuka. Kisha tukaingia wimbo wa kwanza, na zile sauti nilizokuwa nikiziruka miaka yote nilizifikia, moja baada ya nyingine, kidole changu kifupi kikitua kila mahali kilipotumwa. Sikucheza mbwembwe. Nilizipiga zile sauti tu, na macho yakanilowa mbele za watu.

Mzee alikuwa palepale nyuma ya boksi, kiganja ubaoni. Tulipopumzika nilimfuata, nikainamia sikio lake la kushoto, nikamuuliza anaionaje.

"Uzi wa pili unagusa freti ya saba," alisema. "Unanguruma. Kesho uilete asubuhi, na mbuzi mwache nyumbani."

Nilikwenda na jua halijachomoza. Alikuwa ameshakaa kibarazani na tupa mkononi. Aliipiga ile spoku ya saba tupa mara tatu, akaweka taya lake juu ya mninga, akanionyesha kwa kidole nipige uzi wa pili. Nikapiga. Akabaki vile, taya juu ya gitaa, mpaka sauti ikaisha yenyewe.

"Sasa kamlete mbuzi," akasema.