Mama Anafagia: Utungaji wa Pamoja na Swali la Mwenye Kisa

Jalada la tamthilia ya Kiswahili aghalabu hubeba jina moja, na uhakiki umezoea kuanzia hapo. Harakati za Ukombozi (1982) ina majina matatu, ya Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Ayubu ilitolewa kwa jina la kikundi cha Paukwa. Ngaahika Ndeenda, iliyoonyeshwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, ina majina ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ingawa wakulima na wafanyakazi wa pale waliurekebisha muswada mazoezini, jambo ambalo Ngũgĩ mwenyewe hakulificha. Mifano hii yote waliijua wanafunzi kumi na mmoja waliounda kikundi kipya cha maigizo katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Azimio lao la kwanza, lililopitishwa kabla hata ya kikundi kupata jina, lilikuwa kwamba tamthilia yao haitakuwa na mtunzi.

Mazoezi yalifanyika jioni katika chumba cha semina, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Mmoja alisimulia tukio alilolishuhudia, wenzake wakaliigiza papo hapo, kisha msimulizi akaeleza palipokosewa. Visa vingi havikudumu. Kisa cha utingo wa matatu na abiria asiye na nauli kiliwavunja mbavu siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu kikawa kimechusha. Baada ya majuma matatu lilidhihirika jambo ambalo azimio halikulitazamia: wanne wenye ndimi nyepesi ndio waliokuwa wakisema karibu kila kitu. Papo kwa papo humpendelea mwepesi wa kauli. Aliye mzito wa maneno husimama pembeni akingoja nafasi, na nafasi haiji.

Miongoni mwa wazito hao alikuwapo binti mmoja aliyelelewa na mama mwuza mboga. Zamu yake ilipowadia hakusimulia. Alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akainama, mkono wa kushoto akauweka mgongoni, akaanza kufagia sakafu iliyokuwa safi. Alifagia kwa utaratibu, mstari baada ya mstari, kama mtu apimaye kiwanja. Wenzake walicheka kidogo, kisha wakaacha. Alipomaliza ndipo akaeleza: vibanda vya soko vilibomolewa usiku; asubuhi mama yake alifika na kikapu chake, akapafagia mahali palipokuwa na kibanda, akakaa hapo hapo chini na kupanga nyanya. Hakuna aliyeongeza neno jioni hiyo, na kuanzia hapo tamthilia ikawa imepata kiini chake.

Shida ilitokana na karatasi. Katika miaka hiyo mchezo haukuonyeshwa hadharani pasipo kibali, na kibali hakikutolewa pasipo muswada. Tamthilia iliyozaliwa mazoezini, inayobadilika kila jioni, ililazimika kusimama tuli ili ipigwe chapa na kusomwa na afisa ambaye hakuwahi kuiona. Kazi ya kuandika ilimwangukia kijana aliyekuwa karani wa kikundi, msomaji hodari na, kwa kweli, mwandishi bora kuliko wote. Akaenda nayo bwenini siku nne.

Muswada uliporudi ulikuwa mzuri. Hilo halina budi kukiriwa, kwa maana ndilo lililoufanya mgogoro kuwa mgumu. Pale ambapo binti alifagia, sasa palikuwa na uzungumzi nafsia wa ukurasa mzima: mama akiusemesha ufagio, akiulinganisha na kalamu ya wakubwa, akihitimisha kwa methali. Wengi walipiga makofi. Binti alisoma, akaurudisha, akasema, "Mama hakusema neno."

Ubishi uliendelea hadi usiku. Karani alitoa hoja ambayo mhakiki yeyote angeiheshimu: hadhira haikuwa sokoni asubuhi ile, hivyo inahitaji lugha, tena kisa kikishaingia jukwaani ni mali ya kundi, kama walivyoafikiana wote. Wapo waliomuunga mkono. Mmoja alimgeukia binti akamwuliza iwapo kikundi kina mtunzi, na kama mtunzi huyo sasa ni yeye. Swali lilikuwa la kejeli, lakini ndilo hasa lililostahili kuulizwa, na mwaka mzima wa nadharia haukuwa umewapa jibu. Walikuwa wamemwondoa mtunzi wakidhani wamewaondolea wote umiliki. Kumbe kalamu ilibaki mkononi mwa mtu, na kisa kilibaki na mwenyewe. Tena mwenyewe hakuwa binti bali mama yake, ambaye hakuna aliyefikiri kumtaka idhini.

Ukurasa wa uzungumzi nafsia ulitolewa. Mahali pake karani, kwa hasira kidogo, aliandika maelekezo ya maneno mawili: "Mama anafagia." Afisa aliyeusoma muswada alifuta mistari kadhaa kwingineko, mingi yake ikiwa ya kisa cha utingo kilichosalia kama kichekesho. Maneno hayo mawili hakuyagusa. Yamkini hakuona kitu hapo, maana kwenye karatasi hapakuwa na kitu.

Hata hivyo, binti alikataa kuigiza sehemu hiyo, na akaomba jina lake lisiwemo katika orodha ya jalada. Nafasi yake ilichukuliwa na mwenzake, msichana mrefu aliyefagia wima kwa ufagio wa mpini mrefu, akitazama hadhira. Ilipendeza, na ilikuwa uongo.

Likizo fupi ilipofika kabla ya onyesho, binti alikwenda nyumbani, akamweleza mama yake yote: kisa, karani, afisa, jina lililoondolewa. Alitarajia kukaripiwa. Mama aliendelea kuchambua mboga, kisha akauliza, "Na huyo mwenzako, ufagio anaushikaje?"

Aliporudi chuoni, binti alikuwa na ufagio mfupi uliofungwa kwa kamba ya katani. Alimwita yule msichana mrefu kwenye chumba cha semina saa moja kabla ya wengine kufika, akamwonyesha namna ya kuinama.