Kocha alichezea wapi?



Nimerudi Njombe jana usiku kutoka Makambako, vidole vimekufa ganzi kwa baridi hii ya Juni. Kuna jambo linaninyima usingizi. Gazetini limepewa mistari minne tu, basi acha nilisimulie hapa.

Ni hivi. Likizo hii wakufunzi watatu wa vyuo walifungua kambi ya soka ya watoto Makambako. Nikatumwa. Nikaandika kwamba watoto wanafundishwa na "makocha wenye uzoefu mkubwa", na kwamba mmoja wao aliwahi kuchezea timu kubwa ya Dar es Salaam. Nani aliniambia? Yeye mwenyewe. Nikafunga daftari, nikapanda Coaster, nikarudi zangu.

Gazeti lilipotoka nilikuwa tena Makambako kwa kazi nyingine. Pale sokoni mama mmoja muuza viazi akanisimamisha.

"Mwanangu, nimempeleka mtoto kwa maneno yako. Hivi uliwauliza walikosomea?"

Nikajikuna kichwa. Miaka mitatu ya chuo kikuu nilifundishwa kuthibitisha kabla ya kuandika, na sikuuliza hata swali moja la maana.

Nikarudi uwanjani. Wa kwanza alipitia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Hajawahi kucheza ligi yoyote, lakini cheti alikuwa nacho. Wa pili alikuwa golikipa wa UMISSETA mpaka goti lilipomsaliti, ndipo akasomea kozi ya awali ya ukocha. Wa tatu ndiye yule wa timu kubwa. Nilikuwa nimeshapiga simu Dar kwa wazee wawili wa klabu ile, na hakuna aliyemkumbuka.

Nilimvuta pembeni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilifanya majaribio wiki mbili, sikuchukuliwa. Ningesema hivyo, nani angeniletea mtoto?"

Jamani, nilimwelewa. Sisi ndio tuliomfundisha kusema uongo ule. Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na kushuka msimu huohuo, nilisikia vijiweni swali moja tu kuhusu kila kocha: alichezea wapi? Lakini Marcio Maximo alipokuja Taifa Stars mwaka 2006, hakuja na sifa za uchezaji. Alikuwa amefundisha vijana Brazil, timu ya taifa ya visiwa vya Cayman, na Livingston ya Scotland. Kufundisha ni kazi yake, kucheza ni nyingine.

Naandika haya nikiwa na sababu yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili, kocha mmoja aliyesifika kwa uchezaji wake alinirudisha uwanjani na kifundo kilichovimba. "Mwanaume halii," alisema. Baridi ikizidi, kifundo hicho bado kinanikumbusha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anajua kutunza mtoto aliyeumia.

Nikamwomba mhariri atoe sahihisho. Ndiyo hiyo mistari minne. Kabla halijatoka nilimjulisha yule mwalimu, nikitegemea matusi. Badala yake aliwakusanya wazazi jioni ile akawaambia mwenyewe. Wawili waliwatoa watoto wao papo hapo. Mama wa viazi hakumtoa wake, ila alinigeukia: "Na wewe, siku nyingine uulize kwanza."

Nimeupokea mzigo wangu. Wewe msomaji, ukipeleka mtoto kambini, achana na swali la jezi. Uliza: ukocha umesomea wapi? Umefundisha watoto wa umri gani? Mwanangu akiumia, utafanya nini?

Akikwepa hilo la tatu, rudi na mtoto wako nyumbani.