Mbona Mama Kawa Kijani?

Niliharibu picha za arobaini ya bibi. Sina wa kumsingizia: skana ilikuwa nzima, printa nzima, na negativu nyeusi-nyeupe za milimita 35 babu alizitunza kwenye kopo la biskuti, hazina hata ukungu. Mkosa ni mimi, niliyejiona fundi.

Nilichapa usiku, chini ya balbu moja ya LED. Nilianza na wino mweusi peke yake, uso ukatoka na chembechembe, maana printa yangu ina weusi wa aina moja tu, na kijivu chepesi haikipati ila kwa kutawanya vitone. Nikajitia ujanja, nikairuhusu ichanganye rangi zote. Mashavu ya bibi yakatoka laini, nikajipongeza. Kumbe kile si kijivu hasa. Ni samawati, majenta na njano zilizopimwa hadi zikafutana, na zilifutana chini ya balbu ile. Mwanga wa jua una mchanganyiko wake mwingine, na kila wino unaunyonya kivyake, basi mizani inapotea.

Asubuhi nikazigawa uani, chini ya turubai. Shangazi akaigeuza yake huku na huku.

"Mwanangu, mbona mama kawa kijani?"

Nikasema ni turubai hilo. Binamu yangu, mtu asiyeacha jambo lipite, akatoka nayo juani. Nikamfuata. Kivuli chini ya kidevu kilikuwa kijani cha mchicha, na ukingo wa mtandio vilevile. Nilichapa usiku kucha na sikuwa nimengoja hata jua lichomoze niangalie moja.

Pakiti nzima ya karatasi nzuri ilikwenda, na wino juu yake. Jamaa wengine walishaondoka na picha zao. Nyingine hadi leo zimetundikwa sebuleni kwa watu.

Nilirudia kwa weusi peke yake. Chembe zipo, ukisogeza pua utaziona. Mwenye uwezo anunue printa yenye wino wa kijivu wa aina mbili tatu. Mimi nachapa kwanza kipande, uso na nguo kidogo, nakiacha kikauke, nakitazama dirishani, halafu kwenye taa.

Na ukiskani negativu nyeusi-nyeupe za zamani, zima kile kifuta vumbi cha infraredi. Picha ya filamu hizo ni fedha, na fedha huzuia miali hiyo, kwa hiyo programu huona vumbi pasipo na vumbi. Bibi alipoteza kope. Hilo nalo nililifanya, ila niliwahi kulifuta kabla shangazi hajaliona.