Sahihi Yangu Ilikuwepo

Mimi ni mkulima wa kakao hapa Busale, wilayani Kyela, Tanzania. Nimekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo nilidhani kazi yangu ni kupokea wageni na kunyoosha mkono kura zinapopigwa.

Nililelewa nikiamini maji ni ya bure. Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 uliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi angepata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, kwa gharama za Serikali. Mwaka 1991 ulipita, ahadi haikutimia, na wengi wetu tukahamishia tumaini lile kwa mashirika. Gari lenye nembo mlangoni likipanda huku, tulisema, "Wafadhili wamekuja." Mimi nilikuwa wa mbele kusema.

Shirika moja lisilo la kiserikali likatuletea mradi wa maji ya mserereko. Halmashauri ya wilaya ilitoa fundi wa kusanifu na kusimamia. Shirika likaleta mabomba, saruji na nondo. Sisi wananchi tukachimba mtaro, tukasomba mawe na mchanga. Siku maji yalipotoka, akina mama walipiga vigelegele, nami nikahutubia nikiwashukuru wageni kwa bomba lao.

Mfuko wa matengenezo ulipoanza, sikuchangia. Nilisema wenye bomba watalitengeneza wenyewe. Kwa kuwa nilikuwa mjumbe, watu walinisikiliza, na kaya ambazo zingelipa zikaacha kwa ajili ya maneno yangu.

Mvua za huku hazina mchezo, hunyesha kwa nguvu hadi Mei. Msimu mmoja mawe na tope viliziba chanzo chetu kule juu. Wakati huohuo koki ya kitongoji changu ilikuwa ikivuja mchana na usiku, kwa sababu mpira wake wa ndani ulikuwa umelika. Ni kimpira unachoweza kukificha kiganjani, na kinauzwa madukani Kyela mjini, lakini mfuko wetu ulikuwa mtupu. Muda wa mradi ulikuwa umekwisha na shirika limeondoka. Halmashauri ya wilaya ikatujibu kwamba fundi yupo, vifaa vinunuliwe na kijiji. Nikawalaumu wote wawili, huku watoto wakirudi mtoni na madumu, katika wilaya ambayo kipindupindu si kigeni.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nilisimama nikalalamika kwa kirefu. Mtendaji wa kijiji hakubishana nami. Alifungua faili, akasoma mkataba wa pande tatu mbele ya watu wote: hili la shirika, hili la halmashauri, na matengenezo ni ya kijiji. Kisha akanionyesha ukurasa wa mwisho. Sahihi yangu ilikuwepo. Niliiweka siku ile ya wageni, sufuria za wali na kuku zikiwa zinanukia, bila kusoma hata mstari mmoja.

Nilikaa chini nikingoja kuzomewa. Mama mmoja mjane, ambaye alikuwa akichangia kila mwezi hata nilipomkataza, aliniuliza tu, "Baba, kesho tunapanda kuzibua chanzo. Utakuja?" Nilikwenda. Na baadaye, kamati ya maji ilipochaguliwa upya, watu walewale wakanipa daftari la mahesabu. Sikustahili, na mpaka leo sijui waliniona vipi.

Kazi ilikuwa ngumu. Nyumba ya kwanza niliyoingia kuomba mchango waliniuliza, "Si wewe uliyetukataza?" Nikajibu, "Ni mimi." Wapo waliolipa siku hiyo, na wapo waliosubiri kwanza waone stakabadhi za wenzao. Fundi wa wilaya alikuja akawafundisha vijana wetu kubadilisha koki. Ofisa wa lile shirika, ingawa mradi wake ulikwisha, alipita akanifundisha kupanga mapato na matumizi.

Ndipo nilipoanza kuelewa mambo yaliyokuwa yameandikwa siku nyingi. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka jamii ya kijijini imiliki mradi wake na kubeba gharama za kuuendesha. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeweka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, inayowajibika kwa mkutano mkuu. Ilipoanzishwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019, kamati kama yetu zikaingia katika vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Shirika lina muda wake, na mafundi wa wilaya ni wachache kuliko vijiji. Anayebaki na bomba kila siku ni yule anayechota.

Bado kuna siku nikiona gari la wageni moyo unaruka kama zamani. Ila sasa nauliza mapema: mkiondoka, vipuri vitanunuliwa kwa fedha gani, na daftari litakaa kwa nani?

Kama nawe ni mjumbe mahali fulani na umezoea kusaini, nakusihi kama ndugu: omba mkataba usomwe kwa sauti mbele ya watu, kabla chakula hakijapakuliwa.