Vile Vipande Walivyovikata

Haya jamani, leo siasa tuipumzishe. Nimeandika habari za bei ya mafuta na vikao vya kamati mpaka nimechoka mwenyewe, sijui ninyi mnaonisoma. Leo nataka kuzungumzia ugonjwa nilio nao tangu utotoni na ambao sina mpango wa kuutibu. Filamu ikiisha, wenzangu wanainuka wanatafuta viatu, mimi nabaki nauliza: walichokata ni nini?

Maana lazima kuna walichokata. Filamu ya saa mbili imetokana na picha za saa nyingi mno, na kuna mtu alikaa chumbani, akatazama zote, akasema hiki kinabaki, hiki kinatoka. Wagonjwa wenzangu wako dunia nzima. Wananunua filamu waliyokwisha kuiona, tena mara mbili, kwa sababu tu kasha limeandikwa kwamba hili ni toleo maalumu na ndani kuna dakika kumi na mbili ambazo hazikuonyeshwa sinema. Wanahesabu siku. Ukiwaona utadhani wanasubiri matokeo ya kidato cha nne.

Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, kwa hiyo kusubiri kwangu kulikuwa kichekesho. Nyumbani kaka yangu alikuwa na deki, na diski tulizozijua ni zile za filamu kumi kwenye diski moja. Sasa fikiria mwenyewe. Ili kumi ziingie, lazima ubane, na cha kwanza kutupwa ni vile vya ziada: mahojiano, mwongozaji akieleza alivyofanya, vipande vilivyokatwa. Siku nyingine hata mwisho wa filamu ulikuwa hauko. Picha inaganda adui kanyanyua bastola, basi, kalaleni. Kwa hiyo kile alichokikata mhariri wa Hollywood, kikarudishwa kwenye toleo maalumu, huku kwetu kilikatwa mara ya pili na mnakilishaji wa mtaani ambaye hata jina lake hatulijui.

(Kina Lufufu waliotutafsiria filamu kwa Kiswahili walikuwa na dawa yao. Wao walikuwa wanaongeza. Muigizaji anasema maneno matatu, Lufufu anatoa hotuba nzima. Mpaka leo kuna filamu za Kichina ambazo naamini zinapendeza zaidi kwa maneno ya Lufufu kuliko ya mwenyewe aliyeziandika.)

Toleo refu la kweli nimeliona nikiwa chuo. Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa na filamu zote tatu za The Lord of the Rings kwenye laptopu, zile ndefu, pamoja na saa na saa za maelezo ya namna zilivyotengenezwa. Tulipoteza wiki ya kujisomea pale. Hizi filamu ndizo zilizowafundisha watu kusubiri. Ya kwanza iliingia sinema Desemba 2001. DVD ya kawaida ikatoka Agosti 2002, halafu Novemba mwaka huo huo likaja toleo la diski nne lenye dakika kama 30 za nyongeza. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo kwa filamu ya pili. Ya tatu, The Return of the King, iliingia sinema Desemba 2003, ikazoa tuzo 11 za Oscar mwaka 2004, na Desemba hiyo likatoka toleo refu lenye nyongeza ya karibu dakika 50. Mtunzi wa muziki, Howard Shore, ilibidi atunge muziki mwingine wa kuingia kwenye vipande vilivyorudishwa.

Utasema hiyo ni biashara, mtu anauziwa kitu kimoja mara mbili. Ni kweli, biashara ipo. Lakini kwa hii filamu ya tatu watu walikuwa na sababu nzito ya kusubiri, na sababu yenyewe ni mzee mmoja.

Christopher Lee aliigiza Saruman, yule mchawi mwenye ndevu nyeupe ambaye ndiye adui mkubwa wa filamu mbili za kwanza. Lee hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alizaliwa mwaka 1922, alitumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliigiza Dracula mara nyingi, na katika waigizaji wote wa filamu hizo ni yeye peke yake aliyewahi kukutana na Tolkien, mwandishi wa vitabu vyenyewe. Kipande cha mwisho wa Saruman kilirekodiwa ili kiingie filamu ya pili. Kikaonekana kinarefusha mno, kikasogezwa filamu ya tatu. Filamu ya tatu nayo ikawa ndefu, zaidi ya saa tatu, na Jackson, mwongozaji, akakiondoa chote. Ndiyo kusema adui aliyetutisha kwa miaka miwili anatajwa kwa maneno mawili matatu kwamba yuko mnarani hana nguvu tena, na hatumwoni.

Lee alikuwa na miaka 81. Alisema hadharani kwamba ameshtuka na ameumia, na kwenye uzinduzi hakwenda. Mashabiki kwa maelfu waliweka saini kuomba kipande kirudishwe. Kilirudi kwenye lile toleo refu: Saruman juu ya mnara, anapigwa kisu mgongoni na mtumishi wake mwenyewe, anaanguka. Jackson amesimulia kwamba alipomweleza Lee atoe sauti gani akichomwa kisu, mzee alimuuliza kama anajua mtu aliyechomwa mgongoni hutoa sauti gani hasa. Yeye alikuwa anajua. Sasa niambie, kipande chenye mtu wa namna hiyo unakiacha kabatini?

Lee alifariki mwaka 2015. Toleo hilo alikuwa ameshaliona.

Sasa nitoke kidogo kwenye sinema, maana hili jambo linanigusa kazini. Kiswahili kinamwita mhariri huyu wa filamu na yule wa gazeti, na wala hakijakosea. Mwaka juzi nilipewa kazi ya kuandika juu ya wazee waliofanya kazi kwenye mashirika ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, ambao baadhi yao bado wanasema hawajalipwa mafao yao yote. Nilikaa na mzee mmoja wa reli zaidi ya saa mbili. Alinionyesha kitambulisho cha kazi, hati za malipo zilizokunjwa mara nne nne mpaka zimetoboka kwenye mikunjo, na orodha aliyoiandika kwa mkono ya wenzake aliokuwa nao karakana moja. Pembeni ya majina mengi alikuwa ameweka msalaba. Kila aliyefariki alikuwa anamwekea msalaba na mwaka.

Niliandika maneno 1,200. Jioni likaja tangazo la nusu ukurasa, habari ikabaki maneno 400. Yakabaki maelezo ya maofisa, tarehe za kesi, na aya moja ya wazee kwa ujumla wao. Hii ni kawaida ya magazeti, hakuna aliyefanya ubaya, na mhariri wangu wakati ule alikuwa mtu ninayemheshimu. Ila mzee alikuwa amenunua nakala tano za wajukuu.

Alinipigia simu saa tatu asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nimelisoma gazeti lote, mpaka michezo. Mbona mimi simo?" Nikamweleza habari za nafasi na tangazo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Sasa yale mengine yanatoka lini?"

Yeye alidhani kuna toleo la pili. Na bado anadhani. Nikipita mtaani kwao ananiuliza, na mimi bado nawaulizia wakubwa zangu, sijakata tamaa.

Msinielewe vibaya, simpingi anayekata. Nimeona vipande vilivyokatwa vya filamu nyingi sasa, na ukweli ni kwamba vingi viliondolewa kwa haki. Watu wanaongea jikoni, gari linaegeshwa, mtu anasema kitu ambacho alishasema dakika tano kabla. Jackson mwenyewe hakuwahi kudai kwamba lile refu ndilo sahihi na la sinema ni bovu. Na kuna wengine wakipewa nafasi ya kurudi wanaharibu. George Lucas alirudia Star Wars mwaka 1997, akamfanya Greedo awe wa kwanza kufyatua risasi ili Han Solo aonekane mwema, na tangu hapo mashabiki wake wanasubiri kinyume: wanataka ile ya zamani yenye picha safi, bila nyongeza yoyote.

Kinachoniuma ni pale anayekata anapokuwa haijali kazi. Blade Runner ya mwaka 1982 ilibandikwa sauti ya Harrison Ford akieleza mambo ambayo mtazamaji anayaona mwenyewe, na ikapewa mwisho wa furaha ambao picha zake za milimani ni mabaki ya The Shining ya Kubrick. Filamu ya mtu mmoja imemalizikia kwa makombo ya mwingine! Iliposafishwa mwaka 1992, na tena mwaka 2007, ndipo watu wakaelewa Ridley Scott alikuwa anasema nini.

Kusubiri nilikokuona kwa macho yangu ni kwa Justice League. Zack Snyder alijiondoa mwaka 2017 akiwa kwenye msiba wa binti yake, mwongozaji mwingine akarekodi upya sehemu kubwa, ikatoka filamu ya saa mbili ambayo sijui ilimfurahisha nani. Mashabiki wakadai ya Snyder kwa zaidi ya miaka miwili. Baadhi yao walikuwa watukanaji, hilo lisemwe. Lakini hao hao walichanga zaidi ya dola nusu milioni kusaidia shirika la Marekani linalozuia watu kujiua, kwa kumkumbuka yule binti. Machi 2021 ikatoka, saa nne na dakika mbili. Huduma ya HBO Max iliyoionyesha ilikuwa haijafika kwetu, kwa hiyo tuliiona bwenini kwa njia ambayo sitaieleza hapa, watu kumi na mmoja kwenye vitanda viwili. Je, ilikuwa nzuri? Ilikuwa ndefu. Lakini yule Cyborg, ambaye kwenye ile fupi ni kama mpita njia, kwenye hii ana mama, ana baba, ana kosa la kusamehe. Walikuwa wamemkata mtu mzima mzima.

Wapo pia wanaosubiri kitu ambacho labda hakipo tena. Mwaka 1942 Orson Welles alikwenda Brazil kurekodi filamu nyingine, huku nyuma kampuni ya RKO ikaichukua The Magnificent Ambersons, ikakata zaidi ya dakika 40, ikarekodi mwisho mpya. Mtunzi wa muziki Bernard Herrmann akataka jina lake lifutwe. Picha zilizokatwa ziliteketezwa. Hata hivyo kuna watu ambao bado wanaitafuta ile nakala aliyopelekewa Welles huko Rio. Msiwacheke. Metropolis ya Fritz Lang ilikatwa mara tu baada ya kuonyeshwa Berlin mwaka 1927, ikahesabika imepotea, na mwaka 2008 nakala ndefu ikaibuka kwenye jumba la makumbusho Buenos Aires, imejaa mikwaruzo, na ndani yake dakika kama 25 ambazo hazikuwa zimeonekana kwa miaka themanini.

Wengine wamechoka kutafuta. Mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwamba itazitengeneza upya dakika za Ambersons zilizopotea kwa kutumia akili bandia, na wasimamizi wa urithi wa Welles hawakufurahi. Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi, aliniambia hiyo ni habari njema, hatimaye tutaona. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Utaona nini? Huo uso hautakuwa wa Agnes Moorehead siku ile, mbele ya kamera ile. Mimi nikiambiwa kesho gazeti lina nafasi ya ukurasa mzima, naweza kukaa nikatunga maneno ya mzee wa reli, tena yakafanana naye kabisa, kwa sababu namjua anavyoongea. Ningefukuzwa kazi, na ningestahili.

Tena sina haja ya kutunga. Daftari ninalo, la jalada la bluu, kurasa kumi na nne za mwandiko wangu mbaya. Ile orodha ya karakana nayo aliniruhusu niinakili yote, na misalaba yake. Wiki iliyopita alinipigia nimwongezee mmoja.