Mwenda Tezi na Omo: Chembe, Kompyuta na Msamiati Wetu

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya wanamaji tumezoea kuihakiki kwa jicho la maadili, nami nakiri haki ya uhakiki huo. Hata hivyo, ndani yake mna fizikia. Baharia azungukaye chomboni kutwa nzima hutembea mwendo mrefu, lakini akisharudi ngamani, mwanzo wake na mwisho wake ni pamoja. Urefu wa njia ni jambo moja. Mshale mnyoofu utokao alipoanzia hadi alipoishia ni jambo jingine. Mshale huo nitauita mhamo.

Nililazimika kuutafutia jina pale mwenzangu wa idara ya fizikia aliponiomba nimsaidie kueleza kwa Kiswahili uigaji wake wa kompyuta kuhusu chembe zielezazo majini. Asili ya suala hili ni ya kale. Mnamo 1827, mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini vijichembe vilivyotoka katika chavua, akaviona vikitukutika bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba wastani wa mraba wa mhamo huongezeka kwa uwiano na muda. Baadaye Jean Perrin aliweka alama mahali ilipo chembe kila baada ya sekunde 30, akaziunganisha alama hizo kwa mistari. Kazi yake ilithibitisha kuwapo kwa molekuli, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko idhaniwavyo. Chembe ikipiga hatua 100 zilizo sawa, kila moja upande wowote, mhamo wake kwa kawaida hukaribia hatua 10 tu. Ili ufike 20, sharti zipigwe hatua 400. Katika kiwambo cha kompyuta, kila chembe huchorewa mshale, na rangi ikabainisha iliyohama sana na iliyohama kidogo. Lakini ipo hila. Sanduku la uigaji ni dogo, hivyo chembe itokayo upande wa kulia huingizwa upande wa kushoto. Asiyehesabu mivuko hiyo ataona chembe iliyosogea kidogo kana kwamba imeruka sanduku zima.

Hapa ndipo msamiati unapotiwa mizanini. "Umbali" hautoshi, kwa kuwa hauonyeshi upande. "Uhamisho" nao una dosari: humkumbusha Mkenya mwalimu aliyepewa barua ya kwenda wilaya nyingine, na hudokeza kwamba kuna aliyehamisha. Chembe hii haina mkubwa wa kuituma. Inasukumwa na molekuli zisizohesabika. "Mhamo" hutokana na kitenzi kile kile, lakini hautaji mtendaji.

Huenda msomaji akapendelea istilahi nyingine, na mjadala huo naukaribisha. Ninaloshikilia ni kwamba istilahi isiundwe kwa kutazama neno la Kiingereza pekee. Mwanaisimu na akae kwanza mbele ya kiwambo, aione chembe ikitangatanga, ndipo aipe jina. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi watajibiwa kwa maelezo yanayoeleweka, wala si kwa kaulimbiu. Mabaharia wetu walikwisha kutuonyesha njia.